Maji ya Mvua Chini ya Kitanda

Tarehe 9, mwezi wa sita

Mvua imenyesha kidogo alasiri, ikakatika kabla sijamaliza kupanga bidoni, madumu ya maji, chini ya bati. Nadhani ndiyo ya mwisho. Upande wa Mugunga mawingu yamekuwa meupe, na vumbi jeusi la mawe limeanza kuingia kila mahali, hata ndani ya mkate.

Naandika kwa sababu katika parseli hii, ndani ya ua huu, hakuna mtu mwingine anayesema Kinande, lugha yetu, na mtu asiyezungumza na mtu kichwa humwuma. Shule niliachia darasa la tano. Kiswahili hiki ni cha padri aliyetufundisha katekisimu, kwa hiyo nikiandika nasikia kama naungama.

Kwetu ni milimani, juu ya Lubero. Nilishuka Goma kuvunja mawe ya volkano kwa watu wanaojenga, mgongo ukakataa, ndipo Patron wangu, Papa Zihindula, akaniweka hapa Himbi niwe mtu wa nyumba: kuchota maji, kuosha gari, kufungua mlango. Na kuangalia samaki wake. Aliwanunua Kisangani kwa wavuvi wa kijito cha msituni, wakaja kwa ndege ndani ya mifuko ya plastiki. Wana mikia kama pindo la kitenge, na ubavuni wanang'aa kama mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi. Maji ya kwao ni mekundu kama chai, na laini. Ya robinet, bomba la hapa, yanatoka ziwani na ni magumu. Ukichemsha, sufuria inabaki na ganda jeupe. Ukifua, yanakula sabuni yote na povu halitoki. Patron alinifundisha: bidoni mbili za mvua kwa moja ya robinet, na majani makavu ya mpera yachemshwe yatie rangi. Robinet peke yake, samaki hawa wanakauka ngozi na kufa.

Mji ulipotekwa na kupata wenyewe wapya mwezi wa kwanza, Patron alivuka mpaka na watu wake. Sasa yuko Kampala. Mwezi wa nne Afande, mkubwa wa hao askari wapya, akaingia nyumbani na walinzi wake. Aliyekuwa mlinzi wa Patron waliondoka naye asubuhi moja kwa ajili ya simu iliyopotea. Simu ilionekana kwenye kochi. Yeye hajaonekana.

Tarehe 12

Patron ametuma vokale, ujumbe wa sauti. Anasema, "Donat, viti wacha. Televizio wacha. Unichungie samaki tu." Nyuma yake nilisikia watoto wake wanacheza.

Tarehe 15

Nilidhani Afande anawapenda samaki. Kila asubuhi anatoka chumbani na jagi la maji yake ya kunywa, anamimina nusu ndani ya tangi lao la kioo, anakaa kwenye kochi, anafunga buti taratibu huku anawatazama. Akimaliza anakunywa iliyobaki. Jioni vilevile.

Leo ameniita.

"Muzee. Samaki iko ngapi?"

"Tisa, Afande."

"Ibakie tisa."

Akaenda zake. Nikamwuliza Nshimiyimana, mlinzi wake mkubwa, yule anayetembea na redio ya mkononi.

"Weye hauelewe?" akasema. "Afande anaogopa karuho."

Hapa Kivu nani haogopi karuho. Ni sumu isiyo na haraka: unakunywa leo kwa rafiki, unaanza kukonda baada ya majuma, unazikwa watu wakisema ni malaria. Ndiyo maana mtu akikuletea pombe huonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, hata akiwa dada yako.

"Lakini Mama Mukabalisa anaonja kila siku," nikasema. Huyo ndiye mpishi.

"Mutu anaweza kuonja na dawa ya kujitibu iko nayo mufukoni. Samaki haina mufuko."

Akacheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa chini.

Tarehe 16

Nimefikiri usiku mzima. Samaki wakifa kwa maji magumu, yeye atasoma karuho.

Tarehe 22

Jua. Samaki tisa.

Tarehe 30

Nina chupa ndogo ninayopimia. Natia maji ya samaki, nakwangua sabuni kidogo, natikisa. Zamani povu lilijaa hadi shingoni. Leo limefika nusu, likazimika upesi. Ni majagi ya Afande: asubuhi na jioni anawanywesha ziwa, na jua linakausha maji lakini chumvi ya mawe inabaki. Sina namna ya kumwambia aache. Ninachoweza ni kuchota maji ya kioo akiwa kazini na kurudishia ya mvua.

Siterne, tangi kubwa la maji ya mvua, nimeigonga kwa ngumi. Inalia tupu mpaka karibu na chini.

Tarehe 4, mwezi wa saba

Walinzi wameosha jipu, gari la Afande, kwa maji ya siterne. Walikuwa wanaimba. Mmoja aliniambia, "Muzee, mayi ya mvua inang'arisha gari kuliko ya robinet." Nikajibu ni kweli. Nilikuwa nimesimama na ndoo, nikiangalia maji ya samaki yakienda barabarani kati ya mawe.

Tarehe 5

Nimechota yaliyobaki siternini kabla hawajaamka. Bidoni tano ziko chini ya kitanda changu, na ya sita ndogo ni ya majani ya mpera. Nimezifunika kwa gunia. Sijaiba, maji ni ya Patron. Lakini nimeyaficha, na katika parseli hii kitu kilichofichwa kina jina lake.

Tarehe 11

Mama Mukabalisa ni mtu wa Rutshuru, mjane. Anasema Kinyarwanda na Afande, na Afande hucheka anapoongea naye. Mimi hanichekeshi. Leo alisimama mlangoni pangu akitazama ndani.

"Papa Bénie," akasema, maana binti yangu anaitwa hivyo, "unachemsha nini kila siku huko nyuma?"

"Dawa ya mgongo."

"Mugongo wako unakunywa sana."

Tangu hapo nafunga mlango kwa waya. Mwanamke anayehesabu moshi wa mbabula, jiko la makaa, wa mwenzake ana mtu wa kumpelekea hesabu.

Tarehe 14

Upepo wa vumbi. Tisa.

Tarehe 19

Nane.

Nilimkuta asubuhi, amelala ubavu juu ya maji, mdomo wazi. Afande alikuwa bado bafuni, namsikia anapiga mswaki. Nilimchukua kwa mkono, nikamtia mfukoni, nikageuka. Mama Mukabalisa alikuwa amesimama na sinia ya chai.

 Aliweka sinia mezani, akaja, akanyoosha kiganja.  Nikampa. Akaingia naye jikoni, na nilipopita dirishani niliona amemsukuma ndani ya makaa ya mbabula kwa koleo.

Afande alimimina nusu jagi, akafunga buti, akanywa, akaondoka. Hakuhesabu.  Sasa mwanamke huyu ana roho yangu mkononi, na sijui anataka bei gani.

Tarehe 20

Hajadai kitu. Ndiyo inayonitisha zaidi.

Tarehe 26

Nimempata Wivine, mke wangu, kwa simu, baada ya majuma mawili ya kujaribu. Bénie anakohoa. Barabara kutoka huku kwenda kwetu imefungwa, vita iko katikati kama mti ulioanguka. Aliuliza narudi lini. Nikasema mvua ikianza. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mvua haihusiani na barabara.

Tarehe 30

Povu kidole kimoja. Bidoni mbili zimebaki. Samaki wanakaa pembeni, mapezi wameyabana mwilini kama watu wenye baridi.

Tarehe 2, mwezi wa nane

Naandika haya siku mbili baada ya mambo yenyewe. Jana sikuweza kushika kalamu.

Juzi Afande aliamka na tumbo. Alikuwa amekula nyama ya mbuzi kwa rafiki zake, Nshimiyimana mwenyewe ndiye aliyenieleza, lakini mtu mwenye hofu hakumbuki nyama. Alitoka chumbani ameinama, akaenda kwenye kioo. Kulikuwa na mmoja amekufa, anazunguka polepole pale hewa ya pampu inapotokea. Sikuwa nimefika mapema. Siku moja tu sikuwa nimefika mapema.

Akahesabu kwa kidole. Saba.

Hakupiga kelele. Alisema, "Mutafute." Wakatafuta. Jikoni walimwaga unga, chumvi, mafuta. Kisha wakakata waya wa mlango wangu.

Walituweka uani, mimi na Mama Mukabalisa, juu ya mawe, jua likitupiga usoni. Nshimiyimana alitoka na bidoni, moja, ya pili, halafu ile ndogo. Akaifungua, akanusa, akaiinamisha. Maji mekundu yakamwagika juu ya jiwe.

Afande alivuta kiti akakaa. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Hii nini?"

"Majani ya mpera, Afande. Ya samaki."

"Na hii?"

"Mayi ya mvua."

"Mayi ya mvua unaficha chini ya kitanda."

"Samaki hawa ni wa musituni, Afande. Mayi ya robinet ni ngumu kwao, inawaua. Nilikuwa nachanganya ili ikuwe laini."

Nilipomaliza kusema nilisikia nilichosema. Yeye alikisikia kabla yangu.

"Mayi ya robinet inaua samaki," akasema taratibu. "Na mimi ninakunywa mayi gani?"

  Kila neno la kweli nililokuwa nalo lilikuwa linanifunga. Nikisema maji yake ndiyo yaliyowaua, nimesema ni sumu. Nikisema siyo, basi walikufa kwa nini? Nshimiyimana alikuwa amesogea nyuma yangu. Niliona kivuli chake kando ya changu.

Hapo Mama Mukabalisa aliinuka. Hakuna aliyemwambia ainuke. Alichukua kopo la kuchotea lililokuwa kwenye pipa, akaenda mpaka kwenye ile bidoni ndogo, akamimina, akanywa kopo zima amesimama, macho kwa Afande. Akapangusa mdomo kwa kanga.

"Mpera," akasema. "Watoto wangu waliponywa kuhara na hii. Mimi nilimuona akichemsha tangu mwezi wa sita. Angekuwa anataka kukuua, mimi ningekuwa nimekufa mbele, maana ninakuonjea kila siku." Kisha akasema naye Kinyarwanda, upesi, bila kucheka. Sikuelewa isipokuwa neno moja, mama.

Aliporudisha kopo, alilikosesha pipa mara mbili. Nilikuwa karibu, niliona. Majuma yote haya nilidhani anacheka na Afande kwa sababu ni wa kwake. Anacheka naye kama mtu anavyomwimbia mbwa mkali.

Afande aligeuka. Akanyoosha kidole kwangu.

"Na weye. Maliza."

Bidoni ya lita tano, ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Nilikunywa. Ni chungu ikikaa, inakausha ulimi. Nilitapika mara moja, Nshimiyimana akasema kutapika ni kutoa dawa, nianze tena. Akajaza kwa ile ya mvua. Nikaanza tena. Nilipomaliza nilikuwa nimelala juu ya mawe, tumbo kama ngoma.

Afande aliinuka.

"Karuho haiue leo," akasema. "Tutaona."

Tarehe 3

Niko hai. Nimelazwa barazani, Nshimiyimana anakaa na mimi nisije nikatafuta dawa ya kujitibu.

Tarehe 5

Niko hai. Afande amepona tumbo.

Tarehe 9

Wananipima mkono kwa uzi waone kama nakonda. Mama Mukabalisa ananiongezea ugali kwa siri na kusema, "Kula, Papa Bénie. Leo unakula ili wote wawili tuishi." Ameniambia pia sababu ya kumchoma yule samaki. Mumewe alichukuliwa kwa kitu kidogo kuliko samaki.

Tarehe 16

Mkono haujakonda.

Tarehe 17

Asubuhi hii Afande alitoka na jagi lake, akapita kwenye kioo bila kusimama, akaja barazani. Akamimina nusu katika kopo, akanipa. Nikanywa. Akakaa, akafunga buti. Akaniangalia kama alivyokuwa akiwaangalia wale.

"Samaki umewaharibu, walizoea dawa yako," akasema. "Sasa weye njo samaki wangu."

Nshimiyimana akacheka. Afande hakucheka.

Tarehe 24

Asubuhi jagi, jioni jagi. Chakula pia. Mtu akimletea chupa ya bia, mimi kwanza. Nimekunywa bia ambazo sikuwahi kuzijua majina, na hakuna hata moja iliyokuwa na ladha. Wakati naimeza nasubiri. Watu walioileta wananitazama, na mimi nawatazama wao, natafuta nani anaangalia pembeni.

Hakuna mtu tena anayewamiminia samaki maji magumu. Nimewapa maji yaliyobaki katika bidoni mbili walizoniachia. Wamefungua mapezi.

Tarehe 29

Kumbe radi. Mbali, upande wa Sake.

Tarehe 3, mwezi wa tisa

Imenyesha. Walinzi walikimbia kuweka bidoni, nikawaambia wangoje, mvua ya kwanza ni ya kuosha bati. Moshi wa volkano umelala juu ya bati miezi mitatu, na maji yake ni makali, yanakula hata rangi. Yalishuka meusi. Walinisikiliza. Siku hizi wananisikiliza habari ya maji.

Tarehe 8

Mvua kubwa. Siterne nusu.

Tarehe 13

Siterne imejaa, inamwagika usiku na mchana. Povu hadi shingoni mwa chupa. Samaki saba, na dume mmoja anawafukuza majike kama walivyokuwa wakifanya zamani. Patron ametuma vokale, nikamjibu wako vizuri. Akasema, "Donat, nilijua. Weye uko mutu wa kazi." Sikumwambia kazi yangu ya sasa.

Afande ananenepa. Ameanza kunisalimia. Jana aliniuliza umri wangu, akasema baba yake angekuwa hivyo. Naogopa anaponisalimia kuliko alipokuwa ananyamaza.

Tarehe 17

Ameniita saa ya chai.

"Muzee, jitayarishe. Kesho kutwa tunapanda."

"Wapi, Afande?"

"Lubero. Wamenituma kule mbele, kwa vita. Kule sijue mutu, sijue mayi. Weye mayi yako haijaniua. Mutu kama huyo simuachi nyuma."

Nilisimama. Nilifikiri kama nikinyamaza atabadilisha neno. Nikasema, "Afande, kule njo kwetu. Bibi yangu Wivine iko kule, mutoto wangu iko kule."

Alifurahi. Ndiyo, alifurahi, uso ulifunguka.

"Njo vizuri sasa. Utatuonyesha fasi ya mayi. Bibi yako atatupikia."

Tarehe 18

Tangu asubuhi nampigia Wivine simu. Nimemwonyesha Mama Mukabalisa kazi ya samaki: mbili kwa moja, majani, chupa na sabuni. Anashika upesi. Kisha akauliza, "Ukishuka katika ile jipu mbele ya watu wa kwenu, utasema nini?" Nikasema sijui. "Kimbia leo," akasema. Nikamwuliza nani atabaki hapa kuulizwa nimeenda wapi. Akaendelea kukwangua sabuni.

Jioni simu iliingia. Sauti ya Wivine ilikuwa inakwenda na kurudi, mvua inapiga huko pia. Nilisema, nakuja. Akapiga kigelegele kidogo, halafu akashusha sauti.

"Usije sasa, baba. Wanasema hao wa bunduki wanapanda. Wazee wamekaa, wamesema safari hii hatukimbii. Wakifika tutawakaribisha, tutawapa kinywaji."

"Kinywaji gani?"

 Nilisikia mvua yao.

"Wewe ni mtu wa huku," akasema, "unauliza nini?"

Nikaanza kumwambia, Wivine, sikiliza, mimi ninakuja na wao. Nilisema mara tatu. Nilipotazama simu ilikuwa imepoteza mtandao, sijui tangu neno lipi. Nimepiga mpaka sasa. Haiingii.

Jipu limejazwa mafuta, liko mlangoni. Nshimiyimana amefunga bidoni zetu kwa kamba juu ya turubai. Tunatoka alfajiri.

Kule kwetu watu hawamfahamu Afande. Hawajui kwamba kabla yake ninakunywa mimi.